Elsy Uicab na Kijito Kilichozibwa

Mwaka wa tatu wa kupanda mikoko, shemeji yangu Elsy Uicab alikuja kwenye sherehe na gunia begani. Nilikuwa nimeegemea lori la halmashauri, lile lile lililoleta miche asubuhi ile kutoka kitaluni. Nilipomwona anakuja, nikasimama wima. Ukiishi karibu na Elsy miaka thelathini unaijua hasira yake. Haikimbii wala haipigi kelele. Inakuja polepole, mguu mbele ya mguu, kama anavyotembea yeye mwenyewe matopeni.

Chini ya turubai kulikuwa na meza kuu yenye kitambaa cheupe, maua, chupa za maji na sinia za mikate iliyojazwa nyama ya nguruwe ya kuoka shimoni. Mgeni rasmi alikuwa ametoka Mérida, mji mkuu wa jimbo letu, na buti mpya za mpira, zina lebo bado. Bwana Rejón, mkurugenzi wa mazingira, alikuwa ameshika kipaza sauti anatushukuru sisi wananchi wa San Eusebio kwa mwamko wetu. Elsy akapita katikati ya wanafunzi waliovaa fulana za kijani, akafika mezani, akafungua gunia, akamimina.

Vikamwagika vijiti vikavu. Mamia kwa mamia, vya kijivu, vingine bado vina utepe wa rangi uliofungwa na watoto wa shule. Vikafunika maua, vikaangukia mikate.

"Ni nini hiki, mama?" Rejón akauliza, kipaza sauti bado kiko mdomoni, kwa hiyo uwanja mzima ukasikia.

"Watoto wenu," Elsy akasema. "Mliwazaa mwaka jana, mkapiga nao picha, mkaenda zenu. Nimewaletea maiti mzike wenyewe. Mimi nimechoka kuzika."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Rejón akatabasamu, tabasamu la ofisini. "Mama yangu, katika kazi hizi miche mingine hufa. Ni kawaida."

"Mingine? Haya, twende unionyeshe mmoja ulio hai. Mmoja tu! Nikiuona nitakupikia pweza kwa wino wake na kukulisha kwa mkono wangu mwenyewe."

Hakuna aliyeinuka. Askari wawili wa halmashauri wakamshika viwiko, kwa adabu, maana mmoja wao ni mtoto wa jirani yake. Akawaambia, "Niacheni, najua njia," akaondoka. Kipaza sauti kikarudi kazini. Na mimi nikashusha miche elfu mbili mingine, kama nilivyotumwa.

Elsy alianza kukamata kaa akiwa na miaka tisa. Kwetu pweza huvuliwa kwa kaa. Kaa mzima hufungwa kwenye kamba, mtumbwi unaachwa uchukuliwe na mkondo, pweza anamkumbatia kaa, basi kwisha habari yake. Wavuvi wanahitaji kaa kuanzia Agosti mpaka Desemba, na kaa wanakaa kwenye mikoko nyuma ya mji, kwa hiyo wanawake wa mtaa wetu ndio waliokuwa wanalisha bahari chambo. Mama yake Elsy alifanya kazi hiyo, na bibi yake kabla yake. Palikuwa na kijito kinachotoka kwenye chemchemi za maji baridi upande wa bara, kinapita katikati ya mikoko, kinatokea baharini. Wao walikiita tu Cha Bibi. Elsy alikijua kila kona. Alijua mahali maji matamu yanapokutana na ya chumvi kwa kuonja kidole.

Halafu wenye nyumba za ufukweni wakataka barabara pana.

Ile ya zamani ilikuwa ya vumbi, mvua ikinyesha maji yanapita juu yake, unasubiri yakauke. Watu wa Mérida wanaokuja mwisho wa wiki hawapendi kusubiri. Basi ikaamuliwa barabara iinuliwe, mita moja na nusu, kwa kifusi cheupe cha chokaa, katikati kabisa ya kinamasi. Upande mmoja bahari, upande wa pili bara na mtaa wetu. Kampuni iliyofanya kazi hiyo imeshafungwa, na injinia wake sijui aliko. Lakini dereva wa lori la kifusi, aliyeazimwa kutoka halmashauri, yuko hai na mwaweza kumuuliza, kwa sababu ni mimi.

Elsy alimwendea injinia mara tatu. Mara ya tatu nilikuwepo. Alimwambia, "Maji yanatoka kule, yanapita hapa chini ya miguu yako, yanaenda kule. Na bahari ikijaa inarudi kwa njia hiyo hiyo. Ukiziba hapa, umeua upande wetu wote."

"Kuna makalvati, mama. Yako kwenye ramani."

"Hayo makalvati umeyaweka juu kuliko maji. Maji yapande ngazi?"

Injinia akacheka, akaniambia, "Dereva, endelea." Na mimi nikainua bodi la lori, nikamwaga kifusi ndani ya Cha Bibi. Elsy alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale. Aliniangalia tu mpaka vumbi lilipotufunika sote wawili.

Mkoko wa kwetu ulioko ndani, mbali na mawimbi, ni wa ukoo wa mchu. Mizizi yake inachomoza kutoka matopeni kama vidole, maelfu, na ndiyo pua zake. Mwaka wa kwanza mvua ilipokuja, maji yaliganda upande wetu wa barabara, yakafunika vile vidole wiki baada ya wiki, miti ikakosa pumzi. Kiangazi kilipofika maji yale yakapikwa na jua, yakabaki chumvi kali kuliko ya baharini. Majani yakawa manjano, yakapukutika. Mwaka wa tatu ungesimama juu ya barabara uone kushoto kijani mpaka machoni kunauma, kulia miti ya kijivu imesimama mitupu kama watu waliosahauliwa kituoni. Harufu ya mayai viza ikaingia nyumbani mwetu. Na kaa hakuna, hata mmoja.

Kaka yangu Wilberth, mume wa Elsy, alikuwa mvuvi wa pweza. Chambo kikawa cha kununua kutoka bandari ya mbali, na wakati mwingine hakikufika. Akajiunga na vijana wanaopiga mbizi kutafuta majongoo ya bahari, wanavuta hewa kwa mpira kutoka kwenye mashine ya kupulizia matairi. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Siku ya tisa alipanda juu haraka mno, damu ikachemka, akafia ndani ya boti kabla hawajaona nchi kavu.

Matangani Elsy alinipa sahani ya chakula kama alivyowapa wageni wengine. Aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Kula, shemeji. Hujamwua wewe. Uliendesha tu." Sijawahi kutukanwa zaidi ya hapo.

Kisha ndipo zikaja sherehe. Kila Julai, fulana, turubai, miche. Na kilichomtia Elsy wazimu zaidi kuliko vifo vya miche ni walichokifanya kabla ya kupanda. Kwenye lile wangwa jeupe la chumvi, mahali ambapo mikoko ilikufa, kulikuwa kumeanza kujitandaza majani mafupi, manene, yenye maji ya chumvi ndani. Ukiyatafuna yanalia mdomoni. Hayaogopi chumvi, yanaila. Rejón aliyaita magugu. Wiki moja kabla ya sherehe alileta vibarua na mapanga, wakayafyeka yote, ili mistari ya miche ionekane vizuri kwenye picha.

"Unajua kwa nini yale majani yapo?" Elsy aliniuliza siku moja, nilipopita na lori. "Mbegu ya mkoko ikija na maji, haina mikono. Lazima ishikwe na kitu. Yale majani yanaishika, yanaifunika kivuli, yanainywea chumvi. Ni yaya yule! Sasa wewe unamchinja yaya, halafu unamlaza mtoto juani, unampigia makofi."

Baada ya mkasa wa gunia, Rejón aliniita ofisini. Hakufoka. Alinipa hata kahawa. "Gualberto, yule mama ni ndugu yako, sivyo? Mwambie apumzike. Wewe umebakiza miaka minne ustaafu. Ingekuwa aibu."

Nikaenda kwa Elsy. Ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo alikuwa amepika maharage na nyama ya nguruwe, kama nyumba zote za kwetu siku hiyo. Alikuwa ameketi kwenye wavu wake wa kulalia, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Umetumwa," akasema kabla sijaketi.

"Nimekuja kama ndugu."

"Ndugu gani anakuja na jasho la ofisini? Sema ulilotumwa, ule, uende."

Nikasema. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akatoa koleo nyuma ya mlango, koleo jipya kabisa.

"Kesho naanza kufukua Cha Bibi. Kuanzia kwenye chemchemi, kuja mpaka barabarani. Kamwambie bwana wako."

"Elsy, ni kilomita nzima! Na jua hili? Una miaka hamsini na minane."

"Kwani nilikuwa na miaka mingapi ulipokimwaga kifusi chako? Mbona hukuuliza umri siku ile?"

"Nilikuwa kazini!"

"Na mimi kesho nitakuwa kazini. Kula, maharage yanapoa."

Alianza kweli. Alikwenda alfajiri, akarudi jua la saa tano lilipomfukuza, jioni akaenda tena. Mji ukacheka. Dukani walimwita Mama Kijiko, kwa sababu anachimba kama kijiko, ile mashine ya kuchimbia, lakini kwa koleo la mkono. Wiki ya pili Bi Nelsy akamfuata, mwenzake wa kukamata kaa tangu usichana, mwanamke mwenye magoti mabovu na mdomo mchafu kuliko mabaharia wote wa San Eusebio. Kisha wakaja wengine watatu. Hawakupanda kitu. Walifukua tu tope lililojaza mkondo wa zamani, hatua chache kila siku, na Elsy alikuwa anajua njia yake hata pale ambapo mimi nilikuwa naona wangwa tupu. Aliingiza kijiti, akasikiliza tope linavyolainika, akasema, "Hapa." Na kila siku walipita pembeni ya yale majani manene, hakuna aliyeruhusiwa kuyakanyaga.

Mwezi wa Februari wakafika kwenye barabara, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Maji ya chemchemi yaliwafuata nyuma, maji safi, yakasimama mbele ya ukuta wa kifusi kama ng'ombe mbele ya lango. Kalvati lilikuwa pale, juu, limejaa matope na chupa za soda. Elsy aliandika barua halmashauri kuomba lishushwe. Akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa. Akaandika ya pili. Nayo ikapokelewa.

Jumamosi moja saa nne asubuhi, magari ya Mérida yakiwa yanaelekea ufukweni, wanawake watano walisimama katikati ya barabara na sururu.

Nilikuwa wa tatu kwenye foleni, ndani ya lori. Niliwaona wanavyopokezana, sururu inapanda inashuka, mabonge ya chokaa yanaruka. Honi zikalia. Mwanamke mmoja alishuka kwenye gari jeupe akapiga kelele, "Nyinyi mna kichaa? Watoto wangu wako ndani ya gari, joto hili!"

Bi Nelsy akajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Elsy hakusimama hata kuinua kichwa. Alisema tu, "Watoto wako wana kiyoyozi. Mti hauna."

Polisi walikuja wakawachukua wote watano. Shimo walilokuwa wamelichimba halikuzidi kina cha ndoo. Rejón mwenyewe alinipigia simu. Akaniamuru nilete kifusi nikazibe. Sitajisifu hapa. Nilikileta. Niliziba mara ya pili kile nilichokiziba mara ya kwanza, na safari hii nilikuwa najua ninachokifanya.

Waliwekwa mahabusu siku mbili, joto la kuokea mkate. Elsy alipotoka, nilikuwa nimesimama nje na maji ya kunywa. Akachukua chupa, akanywa yote, akanirudishia tupu.

"Nimesikia umeziba," akasema.

"Ndiyo."

"Vizuri. Sasa hasira zangu zina anwani." Akaenda zake kwa miguu.

Hatukuzungumza tena mpaka Septemba.

Septemba ile ilikuja tufani. Upepo wake haukuwa wa kutisha, tumeona mbaya zaidi, lakini mvua ilinyesha siku nne bila kunyanyua mguu. Maji yote ya bara yakashuka kwenye kinamasi, yakakuta barabara, yakasimama. Yakaanza kupanda. Mtaa wetu ukaingia maji ya magoti, kisha ya kiuno. Tulipandisha magodoro juu ya meza, kuku juu ya paa. Tulipiga simu halmashauri wakasema tuwe na subira. Siku ya tatu maji yakaanza kuila barabara yenyewe kwa chini, kipande cha lami kikaning'inia, na watu wa nyumba za ufukweni wakaona watabaki kisiwani. Hapo subira ikaisha. Ndani ya saa mbili kijiko kilikuwa kimefika.

Dereva wa kijiko alikuwa kijana wa mji mwingine. Akauliza akate wapi. Rejón alikuwa pale na koti la mvua, ameshika ramani iliyolowa inayochanika mikononi. Hajui. Akanitazama mimi.

Nikamwonyesha kwa kidole. "Hapo. Pale walipochimba wanawake."

Kijiko kikakata mara sita tu. Ya saba ilifanywa na maji yenyewe. Yalipasuka kupita pale kwa mngurumo, ya kahawia, yamebeba matawi na chupa na kifusi changu chote, yakaingia upande wa bahari, na mtaani kwetu yakaanza kushuka tukiyaangalia. Elsy alikuwa amesimama ukingoni, nguo zimemgandama mwilini. Nilidhani atafurahi. Alikuwa analia kwa hasira, taya limekaza, ngumi imekunjwa.

"Saa mbili," alikuwa anasema. "Ilikuwa kazi ya saa mbili! Miaka kumi na miwili, Gualberto. Wilberth. Saa mbili!"

Nikaenda kumwambia dereva arudishe kijiko nyuma, ukingo ulikuwa unamomonyoka.

Walijenga daraja dogo pale, kwa sababu kuziba tena kungekuwa ghali. Bahari ikawa inaingia na kutoka mara mbili kwa siku. Mwaka uliofuata, mbegu za mikoko ya upande ulio hai zilipita chini ya daraja, ndogo, kama maharage ya kijani, zikatawanyika kwenye wangwa. Zilizoangukia palipo patupu jua lilizikausha. Zilizonaswa na yale majani manene zikaota. Hakuna aliyezipanda kwa mstari, kwa hiyo zilikaa ovyo ovyo, huku kumi zimebanana, kule moja peke yake. Mwaka wa pili zilifika magotini. Mwaka wa nne zinanipita kifua, na vidole vya mizizi vimeanza kuchomoza matopeni. Kaa wa kwanza aliyeonekana alikuwa mdogo kama kifungo cha shati. Bi Nelsy alimtukana kwa furaha.

Halmashauri ilisimika kibao kando ya daraja: eneo hili limerejeshwa na serikali kwa ushirikiano na wananchi. Watu walimwambia Elsy akaking'oe. Akasema hana muda wa mbao. Alichokitaka kutoka ofisini ni barua moja tu, inayokataza mtu yeyote kufyeka yale majani. Hawakumpa. Basi Julai iliyofuata, vibarua walipokuja na mapanga, walikuta wanawake watano wameketi katikati ya majani na miavuli, na chungu cha chakula, wanapiga soga. Vibarua wakasubiri mpaka adhuhuri, wakalishwa, wakarudi. Miche ya mwaka ule ilipandwa kwenye makopo uani mwa shule.

Mimi nimestaafu. Wiki moja baada ya kurudisha funguo za lori, Elsy alibisha hodi kwangu, mara ya kwanza tangu matanga. Hakuketi. Akaweka daftari la shule na kalamu juu ya meza.

"Ile barabara ina kilomita tisa," akasema. "Daraja ni moja. Kwingine bado kumekufa. Mimi nakijua Cha Bibi peke yake, vijito vingine sivijui. Wewe unajua."

"Mimi? Sijawahi kuingia huko maisha yangu yote."

"Unajua ulipomwaga. Mahali kifusi kilipozama sana, mahali ulipohitaji lori tatu badala ya moja. Huko ndiko kulikuwa na maji. Andika."

Nikaandika mpaka mkono ukauma. Nilikumbuka zaidi ya nilivyodhani: kona ile, mti ule, siku ile gurudumu la nyuma lilipozama. Palitoka mahali kumi na nne. Alisoma ukurasa wote amesimama, midomo inacheza, na usoni hakukuwa na shukrani hata chembe.

"Kumi na nne," akasema. "Mungu wangu, shemeji. Kumi na nne."

Akafunga daftari, akaliweka kwapani, akaniambia nivae viatu vya matope.